Petroli Iliyolala

Kwanza nilinusa tangi.
Petroli iliyolala miezi kumi na sita
hainuki tena kama petroli, inanuka
rangi ya mlango, kitunguu, ugomvi wa jirani.
Nikaikinga kwenye karai. Namaemba akasema:
Mama, hii ni strungi.

Stoo ya mahindi hapa Chwele haikujengewa pikipiki.
Ilisimama kati ya magunia, shingo juu,
tairi zenye meno bado na udongo wa Kaptama,
udongo wa siku ile, mkavu.
Nikaubandua kwa ukucha.

Ndani ya chujio la hewa panya walikuwa wamejenga:
maganda ya mahindi, uzi wa sweta,
na kipande cha risiti ya hospitali,
yangu, ya lile goti,
kimetafunwa kuanzia kwenye jumla.

Mabonga wa gereji alinifunza zamani:
tundu la jeti usilichokoe kwa hasira,
likipanuka halisamehe.
Basi nikatumia uzi mmoja wa waya wa breki,
nikapuliza, nikalitazama jua kupitia humo
likiwa dogo kuliko chawa.

Cheni nikaisugua kwa parafini na mswaki
ambao mpaka sasa mama mkwe anautafuta.
Plagi nje. Kijiko cha oili ndani ya silinda,
kiki taratibu, bila moto,
pistoni ipite ikijipapasa.
Pampu ya baiskeli: mia na arobaini, tairi moja.

Kiki iko kulia.
Goti nalo ni la kulia.
Hilo nililijua tangu asubuhi,
ndiyo maana niliisugua cheni iliyokwisha kung'aa.

Khaoya akaja. Safari hii hakusema uza.
Akashika usukani tu, akatazama kando.
Ya kwanza, kimya. Ya nne, kikohozi.
Ya tisa, goti likalia ko!
na kabla sijajua kama ni maumivu
injini ikaitikia: moshi mweupe, kuku mbio,
Namaemba kaziba masikio, anacheka.

Nikatia gia. Ikaruka kama ndama, ikazima.
Klachi imegandana.
Hiyo nayo ina siku yake.

Kesho, au keshokutwa, sanduku la chanjo
litafungwa tena hapo nyuma.
Ng'ombe wa mlimani hawana habari kwamba nilianguka.
Usiku huu nimetandika kartoni chini ya injini.
Asubuhi litakuwapo tone,
au halitakuwapo.