Kaya Namba Kumi na Saba

Mara ya kwanza nilifika kwa baiskeli,
penseli sikioni, madodoso kifuani,
mchanga wa Sikonge umenila nusu ya magurudumu.
Kalunde alikuwa anaanika michembe juu ya mwamba.
"Kaya," nikamweleza kama tulivyofundishwa Tabora mjini,
"ni watu wanaokula chungu kimoja."
Akacheka. "Basi mwandike na mbwa."

Mbwa sikumwandika.
Niliandika watu saba, kila mtu na mstari wake:
01, Lugusha, mkuu wa kaya, tumbaku ekari mbili.
02, Kalunde, kazi: hana
(nilijaza hivyo huku yeye anapepeta).
Paa, nyasi. Mwanga, kibatari.
Mizinga ya nyuki, sita.
Siku saba zilizopita mmekula wali mara ngapi?
Moja ni ndiyo, mbili ni hapana,
tisini na nane, hajui.

Miaka miwili, nikarudi. Paa, bati.
Miaka miwili tena, nikarudi.
Bati lilikuwapo, Lugusha hakuwapo.
Namba ya marehemu hapewi mtu mwingine;
mjukuu aliyezaliwa mwezi ule ule
akapata 08, na 01 ikabaki imekaa juu ya orodha
kama kiti ambacho hakuna anayekigusa.
"Umemkata?" akauliza Kalunde.
"Sijamkata, mama. Nimemwekea alama."
Akaitazama alama muda mrefu, naye hasomi.

Kanuni inasema aliyehama afuatwe.
Nikapanda treni kumfuata 04, Nyamizi,
hadi Nguruka, anauza asali na chumvi ya Uvinza
kwenye madirisha ya mabehewa.
Sasa naye ni kaya, ana chungu chake.
"Mama anasemaje?"
Kanuni inasema majibu ya kaya moja
hayasafiri kwenda kaya nyingine.
Nikanyamaza.
Kisha nikafungua begi nikamtolea matobolwa
yaliyofungwa kwa kitambaa alichokijua.
Juu ya matobolwa kanuni haikusema kitu.
Alinusa kile kitambaa kwanza.
Hakuna kisanduku cha hilo.

Mwaka huu nimekuja na kishikwambi.
Kalunde akataja mizinga: kumi na miwili.
Kioo kikawa chekundu:
*jibu hili halilingani na la awamu iliyopita.*
"Ilikuwa kumi na miwili siku zote," akasema.
"Nilidhani wewe ni mtu wa kodi."
Miaka kumi na sita! Nikakumbuka majedwali,
mstari uliolala chini kwenye grafu,
mabwana waliokaa chumba chenye feni
wakijadili kwa nini asali ya Sikonge haikui.

"Na mimi nina dodoso langu," akasema,
ungo magotini, macho kwenye mtama.
"Awamu ya kwanza ulikuja na njaa,
ukala ugali wangu, ukaandika: mgeni, mmoja.
Ya pili, pikipiki. Na pete.
Ya tatu, pete na kitambi,
unapiga simu kila saa, unacheka peke yako kule kwenye mihogo.
Ya nne, na ya tano, na ile ya mvua nyingi,
nikaona pete inalegea, inalegea.
Ya saba haikuwapo. Sikuuliza,
maana hata wewe huulizi
kisichoandikwa kwenye karatasi.
Ya nane, mvi.
Leo miwani, na shati halijapigwa pasi.
Haya, sasa nijibu wewe.
Siku saba zilizopita,
umekula na nani?"

Kidole kikasimama juu ya kioo.
Kioo kikangoja, kisha kikajizima,
kama kilivyopangwa pale mtu anapokawia.
Nje mbwa mwingine, si yule,
alikuwa analamba sufuria.

"Tisini na nane," akasema Kalunde,
akaendelea kupepeta.