Pimamaji

Baba alikuwa mtu wa sawa.
Mlango wa Shaame fundi haukwaruzi sakafu,
kitanda chake hakitikisiki hata ukikipandishia kinu.
Mwaka ule mifereji ya Limbani ilipokauka,
akautundika mchirizi wa bati ukingoni mwa paa,
pimamaji mkononi,
akingoja kipovu kitulie baina ya mistari miwili
kama maamuma anayengoja imamu atoe salamu.
"Sawa," akasema. Akapigilia.

Sawa, Baba. Miaka kumi na minne
maji yametii usawa wako:
yakaingia, yakakaa.
Hayaendi pipani, hayarudi mbinguni,
yamekaa kitako kama wageni wa arusi waliokwisha kula.

Masika haya Raya wangu alilala siku tano,
macho yanamuuma kwa nyuma,
mifupa, anasema, inatwangwa.
Bwana afya akaja na tochi.
Hakuuliza makopo, wala vifuu
nilivyovifukia mwenyewe nyuma ya banda.
Akainua uso:
"Bibi, huko juu kuna nini?"

Nimepanda leo. Ngazi ya kuazima,
kipandio kimoja kimelegea,
kanga nimeipiga kibwebwe,
Time ameishika kwa chini huku akisoma sura anazozijua.

Kulikuwa na majani ya mkarafuu yaliyooza yakawa tope,
ndala ya mtoto ambaye sasa ana ndevu,
na maji. Kimya, meusi kama chai ya msibani,
na viluwiluwi ndani yake
vikijikunja, vikijikunjua, vikijikunja.

Nikachota kwa kopo la maziwa.
Nikakwangua kwa mwiko uliovunjika mkono.
Nikamimina ndoo nzima kusuuza,
na ndoo nzima ikatandaa, ikatulia palepale.

Basi nikaliendea pimamaji lake sandukuni.
Kipovu bado ki hai.
Nikaliweka juu ya bati: katikati.
Katikati kabisa, Baba,
mkono wako haukukosea hata unywele.
Nikalia kidogo hapo ngazini.
Time akadhani nimeumwa na nyigu.

Kisha nikang'oa msumari wa kwanza.
Kibano cha upande wa pipa nikakishusha vidole viwili,
cha kati kidole kimoja,
cha mwisho kule sikukigusa. Hicho chako.

Kipovu kikakimbilia juu.
Nikamimina birika moja.
Maji yakasita, wallahi yalisita,
kama yanauliza ruhusa,
halafu yakaenda.

Mdomo wa pipa nimeufunga kwa kipande cha chandarua.
Apitaye mwenye jicho la fundi atasema
mchirizi wa marehemu umekwenda mrama.
Naam, umekwenda mrama.
Usiku imenyesha, nami macho, nasikiliza
pipa likijaa kutoka sauti nyembamba hadi nene,
na Raya gizani anaomba uji,
anataka na sukari nyingi.