Mistari Mitatu

Fomu imetoka Chake, imepigwa muhuri.
Inauliza gari lipi libaki kituoni Konde
na lipi lipigwe mnada.
Wameacha mistari mitatu ya maelezo.
Mimi dereva, si karani; mistari mitatu
hainitoshi hata kufungua boneti.

Basi nianze na Landrova, bibi huyu.
Alishushwa Mkoani mwaka niliotiwa jandoni.
Alikuwa kijani; sasa ni kutu na huruma.
Mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba ya usumba,
kioo kinapandishwa kwa kiganja,
na mvua ikinyesha nje, ndani inanyesha pia,
kwa adabu kidogo.
Usukani una ulegevu wa robo duara:
lazima uanze kuikata kona ya Ngezi kabla hujaifikia,
kama mtu anayemjibu mkwewe kabla hajaulizwa.
Hana taa ya kunionya. Hunionya puani:
harufu ya breki, harufu ya klachi, harufu ya waya.
Nazijua kama mzazi anavyojua vilio.

Yule mpya kaja mwaka jana, mweupe,
viti bado vimevaa nailoni.
Hupigi hendeli, husukumi; unabonyeza kidude,
anaitika kwa kunong'ona.
Usipofunga mkanda, analia.
Mlango ukiwa wazi, analia.
Mbuzi akipita nyuma, analia.
Siku ya kwanza nilimwomba radhi mara kumi na moja
kabla hatujatoka langoni.
Lakini nisimseme vibaya. Lami ya kwenda Wete
anailamba kama haluwa,
sanduku la chanjo halitikisiki,
na Mize muuguzi anasinzia,
Mize ambaye ndani ya Landrova
hushika dashibodi kwa mikono miwili akavuta uradi.

Masika yaliyopita tuliitwa Tondooni, usiku:
mke wa Shaame Kombo, uchungu wa siku ya pili.
Nikachukua mpya. Nani asingechukua mpya?
Kwenye mpando wa udongo mwekundu,
unaoteleza kama mlenda,
gurudumu moja likazunguka bure,
kompyuta ikaona hatari, ikakata nguvu.
Nikakanyaga, ikakata. Nikakanyaga, ikakata.
Kwenye skrini kukatokea kigari na nyayo za nyoka
na maandishi ya Kijapani.
Iliniogopea. Hiyo ndiyo kasoro yake:
inaniogopea
mahali ambapo mimi sina ruhusa ya kuogopa.

Nikamwacha Mize na tochi, nikarudi kwa miguu,
maili tatu, viatu mkononi.
Bibi aliamka kwa hendeli ya tatu.
Nikamtia gia ndogo, magurudumu manne,
akaja akikohoa, akampakia Mize,
akalipita lile jeupe bila kuligeukia.

(Hapa watu wa barazani hunikatiza
na kupiga makofi. Ngojeni.)

Kurudi, kila shimo lilimpiga mke wa Shaame mgongoni.
Springi zile zilifuliwa kwa ajili ya magunia ya karafuu;
uti wa mgongo wa mtu haukuulizwa.
Hakupiga ukelele. Aliuma kanga,
na mimi nikaona haya kwa niaba ya chuma.
Tulipofika chini ya mpando, Mize akasema neno moja:
"Mhamishe."

Tukamhamisha. Jeupe likageuka taratibu,
likashika njia, likashika lami,
likamchukua kama maji ya mtungi kichwani kwa mzoefu.
Mtoto alizaliwa langoni pa hospitali ya Wete,
juu ya nailoni ile
niliyopanga kuibandua Ijumaa.

Mengine mnayajua. Chuma cha Landrova
Faki fundi hukichonga kwa mguu wa kitanda,
jioni tunatembea.
Sensa ya jeupe tuliisubiri wiki sita kutoka Dar,
ikaja ya kushoto, tulitaka ya kulia.
Ila bibi anakunywa dizeli kama ana harusi,
na breki zake ni dua zaidi kuliko breki.

Nimeijaza fomu.
Mstari wa kwanza: Magari yote mawili yabaki.
Wa pili: Barabara ya Tondooni ndiyo ipigwe mnada.
Wa tatu una alama ya kidole changu, grisi,
na sijui ni ya gari lipi.