Mkate wa Mchoraji

Alikuja asubuhi ya barafu, karatasi kwapani,
vijiti vya makaa mfukoni, na mkate,
mkate mweupe mzima
uliofungwa kitambaani kama kichanga.
Sisi wa kando ya mto Tauber hatukuwa tumeonja ngano
tangu wapandafarasi walipotua kwetu,
wakala shayiri ya chakula, wakala ya mbegu,
kisha wakauliza: nyingine mmeifukia wapi?

"Shika hatamu," akaniambia. Nikashika.
Nilikuwa na miaka tisa na viatu vya baba
ambaye hakuvihitaji tena.

Juu yangu Kapteni Hallerstett, chuma kitupu,
bastola mbili, na chepeoni manyoya ya mbuni,
ndege ambaye kwetu hakuna aliyemwona.
Deraya ile ilikuwa bado ya mfua chuma wa Nuremberg,
iko kwenye daftari lake la madeni.
Farasi alikuwa wa shemeji.
Chini ya tandiko palikuwa na kidonda
nilichokiosha kwa siki kila usiku,
naye akinipumulia shingoni.

Karatasini akainua guu la mbele, akatunisha kifua.
Uani alikuwa amesinzia wima.

Halafu nikajiona.
Kabla ya hapo nilijijua kwa maji ya ndoo tu.
Kumbe nina masikio ya babu! Kumbe mkono wangu
unaweza kumshika mnyama mkubwa vile.

Kapteni akashuka, akatazama,
akaniwekea kidole usoni, uso ule wa makaa:
"Na huyu wa nini?"

Mchoraji hakujibu. Alinyofoa kiini cha mkate,
akakifinyanga, akanisugua.
Viatu vya baba vilitangulia.
Hatamu ikabaki hewani, imeshikwa na upepo.

Tonge likaanguka, jeusi. Nikaliwahi kabla ya kuku.
Lilikuwa na ladha ya moshi.
Nadhani nilikula pua yangu,
labda na sikio moja la babu.
Sikushiba.

Siku hizi napeleka nyasi kavu kwa mjane wa Kapteni.
Mchoro uko ukutani, juu ya meko.
Kifuani pa farasi pana doa la kijivu
ambalo wageni huliinamia na kusema:
hebu tazama vumbi la vita lilivyochorwa!

Juzi alinilipa sarafu mbili.
Tulipatana tatu.