Nyuma ya Kisahani cha Majivu

Desemba hapa Boden jua halichomozi, linachungulia tu,
kama mgeni aliyekosea nyumba.
Mwanga wa saa tatu, au pungufu,
na rangi haichaguliwi gizani.
Kwa hiyo saa nne asubuhi nimeshavaa kofia ya manyoya,
nimefungua banda,
na Volvo ya baba inanitazama kwa matundu mawili ya taa.

Bodi imekwisha. Viti vimeshonwa na fundi wa Piteå
aliyenitoza kana kwamba ananishonea suti ya harusi.
Imebaki dashibodi,
na vibamba vya milangoni, na ule ukingo mwembamba wa dirisha
ambao hakuna anayeuona mpaka uukosee.

Kibati cha namba ya rangi kipo chini ya boneti.
Kutu imelamba tarakimu za mwisho,
ikaacha tano, na mkia wa kitu
kinachoweza kuwa sita, kinachoweza kuwa sifuri.

Kaka yangu Hilding hupiga simu kutoka Malmö, kule waliko na jua:
“Kama ilivyotoka kiwandani, Ingegerd. Si zaidi, si pungufu.”
Namjibu ndiyo, ndiyo,
kama tulivyokuwa tukimjibu baba.

Maana rangi hiyo mimi naijua.
Miaka kumi na mmoja nilikaa nyuma,
kidevu juu ya kiti cha mama,
njia nzima hadi Jokkmokk kwa shangazi.
Ni rangi ya tofali lililolowa, likaanza kukauka.
Ndiyo niliyompelekea Tuovi, mchanganya rangi wa Haparanda:
kipande cha bamba ndani ya soksi.

Tuovi si msemaji. Anachovya, anapaka kibati, anangoja.
Rangi mbichi ni mwongo, asema; ikauke kwanza ndipo uihoji.
Tone la nyeusi. Nusu tone la manjano.
Chini ya taa vibati viwili vilikuwa mapacha;
nikavibeba hadi dirishani, vikanuniana.
Mara ya nne. Mara ya saba.
Mara ya tisa vikapatana, hata nje, juu ya theluji,
nikalipa, nikanunua na keki.

Jana nimeng'oa kisahani cha majivu.
Bisibisi iliteleza, kikatoka chote
na harufu ya tumbaku iliyozimwa nikiwa bado na meno ya utoto,
na nyuma yake, jua lisipowahi kufika,
ukubwa wa kiberiti:
damu ya mzee.
Nzito. Inang'aa. Haina mkwaruzo.
Rangi ambayo sijapata kuiona maishani mwangu.

Nikakaa juu ya ndoo.

Kumbe nilichokiita rangi ya gari letu
kilikuwa jua la Julai, lile lisilolala,
likiifua dashibodi usiku kucha huku sisi tumefunga mapazia;
kilikuwa moshi wa Evert, baba yangu,
na kucha za mama zikigonga pale pale
kila alipokanyaga mafuta kupita kiasi.
Yeye alinunua gari moja.
Mimi nilipanda jingine.

Nikampigia Tuovi. Akanyamaza, kisha:
“Tuanze upya, basi. Lete kiberiti chako.”

Hilding atapata kiwanda chake.
Atapitisha kiganja, atasema hasa, hasa yenyewe,
nami nitamwachia.
Lakini kopo la mara ya tisa sikulitupa.
Leo, kabla dirisha halijafifia,
nimechukua brashi ndogo, ile ya kupakia kucha,
nikapaka nyuma ya kisahani, kiberiti kimoja, si zaidi, si pungufu.
Nikangoja ikauke. Nikaihoji.
Nikarudisha kisahani, nikakaza skrubu.

Hilding hatajua,
labda aanze tena kuvuta.

Saa saba. Giza.