Kawia Ufike

Saa tisa usiku, Kajaani, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na kaka yangu kaufungua mlango wa roshani makusudi.
Nimevaa koti ndani ya nyumba, nanywa kahawa na glavu mkononi.
Baridi ni ya bure, anasema Ilpo. Feni zinauzwa.

Mashine iko uchi juu ya meza ya chakula,
ubao mama umelazwa kwenye boksi la viatu vya mama.
Njia zake za shaba ni nyembamba kuliko unywele wa mtoto,
na nyingine zimepinda-pinda kama mlevi arudiye kwake.
"Mbona hazikunyooshwa?"
"Ili wa karibu asifike kabla ya wa mbali."

Kumi na sita, kumi na minane, kumi na minane, thelathini na sita:
mapigo ya kungoja, tangu kumbukumbu iulizwe
mpaka itoe jibu. Ilpo anaibania.
Kumi na nne. Inawaka. Jaribio linakimbia dakika arobaini,
kisha kosa. Moja tu katika mabilioni,
na skrini nzima ikawa buluu.
Kumi na mbili. Feni zinazunguka, skrini giza.
Ametukana hadi paka kahama chumba.
Anaing'oa ile betri ya duara kama sarafu,
anahesabu hadi thelathini. Ubao unasahau
tarehe, saa, na jeuri yake yote.

Baba hulala chumba cha pili.
Miaka thelathini na mmoja Oiva alishika ishara za reli Kontiomäki,
akijua behewa za mbao zimekaribia
kwa jinsi glasi ilivyotetema mezani.
Siku hizi ukimuuliza, "Baba, utakula?" hunyamaza.
Nami huwa nimeshajibu kwa niaba yake,
nimeshapakua, nimeshatoka. Tanuri za bekari hazinisubiri.

Katokea sasa, soksi mguu mmoja, anaikodolea skrini.
"Inataka nini?"
"Inataka muda, baba. Mimi ndiye niliyeunyima."
Ilpo anaandika kumi na tano. Ishara ya saa anaisogeza nyuma
kwa kitambo ambacho jikoni hakina jina,
kitambo ambacho mwanga wenyewe
haujamaliza kuvuka upana wa ukucha.

Inawaka.
Dakika arobaini. Arobaini na moja.

"Baba, utakula?"
Nimefumba mdomo. Nahesabu moyoni:
kumi na nne, kumi na tano,
theluji inaingia na kutua juu ya zulia,
kumi na sita, kumi na saba,
paka amerudi,
kumi na minane

"Mkate," anasema. "Ule wenye ukoko.
Na fungeni mlango, treni ya saa kumi
itatumwagia baridi yote ya Oulu."

Hakuna treni ya saa kumi.
Nakata mkate.
Ilpo hafungi mlango.