Jembe la Siku ya Tatu

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Jembe nililopewa mimi lilikuwa mashine ya nakala,
ghorofa ya tatu, ofisi ya mito na mifereji, Cardiff,
mashine ya kukwama kila ikionja karatasi nene.
"Ipige ubavuni," akasema Delyth, "ila kwa heshima."

Jina langu Tatu.
Huku jina hilo ni mchoro wa sindano kwenye ngozi,
basi juma zima wakaniuliza, kwa adabu zao,
ninao wapi, begani au kiunoni.
Nikawaambia nilizaliwa baada ya wawili.
Wakacheka. Kisha wakaona haya. Kisha wakaniletea chai
isiyojua tangawizi wala iliki.

Kitambulisho changu, walisema, kinatengenezwa.
Kwa sasa nikavishwa kamba nyekundu na kadi: MGENI,
kwa lugha mbili, ya kwao ikitangulia.
Kila asubuhi Mzee Warsame wa mlangoni
aliliandika jina langu upya daftarini
kana kwamba jana sikuwapo.
"Hata mimi nilikuja hapa mgeni. Miaka arobaini sasa."
"Ukaacha lini kuwa mgeni?"
Akatazama saa yake.

Kazi yenyewe: kusoma barua za wananchi.
Bibi mmoja, bata wamehamia bustanini mwake.
Bwana mmoja, kurasa kumi na moja
juu ya mfuniko wa mtaro unaogonga gari likipita,
usiku, ko-ko, ko-ko, kama mtu anayekuja kudai.
Ninapanga mafungu: ya haraka, yasiyo ya haraka, bata.
Kila jibu hutoka kwa lugha mbili, mgongo kwa mgongo,
hata jibu la kusema hatuna jibu.

Mchana tunakula ngazini.
Shakwe wa mji huu hawaombi.
Mmoja alinipokonya sambusa ya pauni mbili na nusu,
akaenda nayo hatua tano,
akakutana na pilipili.

Saa tatu usiku, na jua bado limekaa juu ya paa la jirani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Mama, kwenye simu, kwake ni saa tano na giza totoro.
Haamini. Nageuza simu dirishani aone.
"Mwanangu," anasema, "hiyo si taa?"

Barabarani wameandika ARAF, rangi nyeupe, herufi ndefu.
Nilidhani ni arifa iliyokatwa mkia.
Gethin akanifumbulia: maana yake polepole.
Siku hiyo ilinyesha tangu alfajiri, Julai,
naye, akichomoa karatasi iliyokwama,
akasimulia habari za bibi wa bibi yake:
shuleni alivishwa kibao shingoni kwa kusema lugha yake,
na aliyekutwa nacho jioni ndiye aliyechapwa.

Nilitaka kusema pole.
Nikasema: na sisi tulikuwa nacho.
Chetu kilikuwa cha boksi la sabuni,
darasa la nne, nilikivaa kutwa nzima
kwa neno moja tu: *jamani*.

Akairudia. "Jamani."
Mashine ikakohoa. Tukatazamana shingo,
yeye na kadi yake, mimi na yangu.

Ijumaa ya mwisho, saa nane mchana, kitambulisho kikafika.
Picha yangu, macho nusu yamefumba. Jina sahihi.
Nikakivaa saa tatu.
Saa kumi na moja nikakirudisha kwa Mzee Warsame,
naye akafunga daftari bila kuandika kitu.
Ile kadi nyekundu hakuna aliyeidai.

Sikupanda basi. Nikapita mtaa wa yule bwana
wa kurasa kumi na moja, ili tu nione.
Pazia lake lilikuwa wazi. Gari likapita.
Ko-ko.
Nilikuwa nimemwandikia tunaushughulikia,
kwa lugha mbili.